Safu ya Ushauri: Majirani wanagonga mlango usiku kutafuta dawa, na mimi si daktari

BARUA

Shikamooni wakubwa.

Mimi ni mke wa mmisionari. Tumetoka Kenya na mume wangu na watoto wetu wawili, na huu ni mwaka wa pili tunaishi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Tandahimba, Mtwara. Majirani wametupokea kama ndugu. Kazi iliyotuleta ni kufundisha Neno na kusaidia shule ya awali, lakini tangu wiki ya kwanza watu wananiita Mama Misheni na wanakuja kutafuta dawa. Zahanati iko kama kilomita tisa. Wanakuja jioni, wanakuja saa saba usiku: mtoto anachemka, kijana amejikata panga, mama mjamzito anaumwa kichwa.

Nilisoma huduma ya kwanza siku tatu tu kabla ya safari. Kanisa letu nyumbani lilitufungashia kasha la dawa: amoksisilini, metronidazoli, diklofenaki, parasetamoli, dawa za macho, dawa za minyoo. Nyingine zinakaribia kuisha muda.

Mwezi uliopita jirani alimleta binti yake wa miaka minne ana homa na kikohozi. Nilimpa parasetamoli na amoksisilini. Homa ikashuka, tukafurahi. Siku ya tatu mtoto alikuwa amelegea, viganja vyeupe kama karatasi. Hospitali walikuta malaria na upungufu mkubwa wa damu, akaongezewa damu. Amepona, namshukuru Mungu, lakini silali vizuri. Mume wangu anasema tufunge mlango kabisa. Mimi nashindwa, nitamwambia nini mama aliyebeba mtoto mgongoni?

Naomba mniambie: niweke nini nyumbani na nisiweke nini? Nifanye nini wakija usiku? Fedha za nauli wanazoniomba niwakopeshe? Wanaotuchangia nyumbani wanataka picha za wagonjwa tunaowasaidia, je, ni sawa? Na mama wa yule binti, niende kumwambia nini?

Mama Misheni, Tandahimba


MAJIBU

Marahaba, dada yetu, na pole sana. Usifunge mlango. Funga kasha.

Kwanza ujue kwa nini wanakuja kwako. Katika nchi hii ya kusini, neno misheni na neno dawa vimekaa pamoja kwa muda mrefu. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walifika Masasi mwaka 1876. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walianza Ndanda mwaka 1906, baada ya Vita vya Majimaji, na hospitali za Ndanda na Nyangao zinapokea wagonjwa hadi leo. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi miaka ya 1930 akiwa mmisionari, na baadaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania, 1975 hadi 1980. Kwa hiyo bibi wa Kimakonde akisikia "misheni" hajakosea kukumbuka dawa. Tofauti ni kwamba Stirling alikuwa daktari wa upasuaji na wewe ni mwalimu, na jirani hana njia ya kulijua hilo mpaka umwambie. Mwambie waziwazi, mapema, mchana, siyo usiku mtoto akiwa mikononi: "Mimi si daktari wala muuguzi. Ninachoweza ni kukusaidia saa ya kwanza na kukufikisha zahanati."

Kazi yako ni hiyo: saa ya kwanza, barabara, na siku zinazofuata mgonjwa akisharudi nyumbani. Katikati ni kazi ya zahanati.

Tuanze na kasha. Amoksisilini, metronidazoli, diklofenaki na dawa za macho vitoke nyumbani kwako wiki hii. Dawa za cheti hutolewa na mtu aliyesajiliwa, katika sehemu iliyosajiliwa. Kibali chenu cha kazi ya dini hakikupi ruhusa ya kutibu, na dawa zinazoingia nchini, hata za msaada, zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Lakini hata sheria isingekuwepo, tungekuambia vilevile, kwa sababu ya kilichompata binti wa jirani. Parasetamoli ilishusha homa bila kugusa malaria. Vimelea viliendelea kula damu siku tatu nzima huku mama akiamini mtoto anaendelea vizuri kwa sababu paji la uso limepoa. Amoksisilini ilimpa kila mtu moyo kwamba ametibiwa. Huo moyo ndio uliochelewesha safari. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi. Homa yoyote huku ni ya kupimwa siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi, hata kama mtoto anacheza.

Usizitupe chooni wala kuzichoma nyuma ya nyumba. Zipeleke kwa mganga mfawidhi wa zahanati, au kwa mfamasia wa wilaya, aziandikishe na kuziteketeza kwa utaratibu. Mwandikie na kanisa lenu wasitume tena. Kama wanataka kusaidia, sabuni, ndoo yenye bomba, glovu na nauli vinaokoa watu wengi zaidi.

Vinavyobaki nyumbani ni hivi: pakiti kumi hivi za ORS (chumvichumvi ya kunywa kwa anayeharisha), parasetamoli ya maji na ya vidonge, glovu, gozi na bandeji pana, sabuni ya kipande, kipimajoto, mkasi, kanga mbili safi zilizofuliwa na kupigwa pasi, tochi yenye chaji, sukari na chumvi, bomba la sindano lisilo na sindano, la mililita 5, la kupimia dawa ya maji. Kijiko cha chai cha jikoni hakiaminiki, vingine vinabeba karibu mara mbili ya vingine. Parasetamoli ya maji ya kawaida ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Mtoto wa kilo 10 inamtosha mililita 5, kwa kuachanisha saa sita, isizidi mara nne kwa siku. Uzito utausoma kwenye kadi ya kliniki. Mtoto wa chini ya miezi miwili akiwa na homa, usimpe chochote zaidi ya ziwa la mama yake. Huyo anaondoka usiku huohuo.

Sasa wakigonga. Kabla hujauliza habari ndefu, mtazame mtoto kwa tochi na uulize mambo manne: ananyonya au anakunywa? anatapika kila anachopewa? amepata degedege? anaamka ukimwita? Jibu baya katika moja tu ya hayo ni safari, usiku au mchana. Kisha vua nguo za kifuani, mwache atulie, uhesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili mpaka mwaka mmoja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja mpaka mitano, 40 au zaidi. Ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, usihangaike kuhesabu, ondokeni. Mwisho fungua kiganja chake, ukilinganishe na cha mama yake. Kiganja cheupe ni damu imepungua, na hilo halisubiri jogoo. Hesabu pumzi dakika nzima kweli. Ukihesabu nusu ukazidisha mara mbili utakosea, maana watoto wadogo hupumua kwa vipindi.

Degedege tulieleze taratibu kidogo, kwa sababu huku wengi wanaliona ni jambo la kishetani, na wapo wanaoogopa kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Usibishane na bibi saa hiyo. Mlaze mtoto ubavu, legeza nguo, ondoa vitu vya kumgonga, tazama saa. Usimtie kijiko mdomoni, usimimine dawa wala mafuta, usimkamate kwa nguvu. Likiisha, kama anaweza kumeza, anyonye au apewe maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, katika kikombe cha mililita 200, kidogokidogo. Sukari ya mwili hushuka sana katika malaria kali, na kikombe hicho kinamlinda njiani. Kama hawezi kumeza, asipewe kitu chochote mdomoni. Kisha mwambie bibi apande naye. Bibi akiwepo zahanati akaona mjukuu anafumbua macho, atakuwa mwalimu wa mtaa mzima kuliko wewe na sisi.

Kwenye bodaboda, mama asimfunge mtoto mgonjwa mgongoni. Hatamwona akitapika au akianza degedege tena. Ampakate mbele, kichwa kimeegemea mkono, uso ukitazama pembeni, na dereva aende polepole, hasa wakati wa masika tope likiteleza.

Kuhara na kutapika ndiko unakoweza kusaidia sana hapohapo nyumbani. Pakiti moja ya ORS iliyoandikwa lita 1 huchanganywa na lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, isipungue wala isizidi. Hapa ndipo watu wanapokosea. Wengine wanamimina pakiti nzima kwenye kikombe ili "iwe na nguvu", chumvi inazidi na inaweza kumdhuru mtoto. Wengine wanatumia ile chupa kubwa ya dukani wakidhani ni lita moja, kumbe ni lita moja na nusu. Tumia chupa mbili za nusu lita, huwezi kukosea. Juu ya uwanda wa Makonde maji ni ya kununua kwa ndoo na watu wanayabana. Usimlaumu mama aliyechanganya nusu pakiti kwa kuona huruma na maji, mpe hizo chupa mbili akae nazo. Pakiti zikiisha: vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita 1. Chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100 kila akiharisha, mkubwa zaidi 100 mpaka 200. Akitapika, subirini dakika kumi, muanze tena kijiko kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Kesho yake aende zahanati apewe na zinki, ambayo hunywewa siku 10 mpaka 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya pili. Macho yakiwa yameingia ndani, au ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, asilale nyumbani; aondoke huku akinywa.

Mama mjamzito hana huduma ya kusubiriwa kwako. Kutokwa damu, kichwa kikali, macho kuona ukungu, kuvimba uso, degedege, chupa kupasuka bila uchungu, homa: lolote kati ya hayo piga 115. Hiyo ni namba ya bure ya mfumo wa m-mama, unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, kwa mama ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, na kwa kichanga cha mpaka siku 28. Iandike kwa rangi ukutani. Ukipiga, sema jina la kijiji, alama iliyo karibu kama msikiti, shule au ghala la chama cha msingi, na dalili uliyoiona.

Mchubuko na mkato: bana jeraha kwa kitambaa safi dakika kumi ukitazama saa, bila kufunua kuchungulia; kila ukichungulia unaanza upya. Damu ikikoma, osha kwa maji mengi na sabuni, funika, na mgonjwa aende siku hiyohiyo kushonwa na kuangaliwa chanjo ya pepopunda. Kuungua moto: maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, kisha kanga safi. Dawa ya meno, yai, majivu na mafuta vinabaki kwenye kidonda na muuguzi atalazimika kuvikwangua, mtoto akilia.

Mbwa akimng'ata mtu, osheni kwa sabuni na maji dakika 15 kamili. Mtakuta dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyodhani, na ndiyo maana wengi wanaishia dakika mbili. Kisha chanjo, siku hiyo, hata kama kidonda ni kidogo na hata kama mbwa anajulikana. Kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakina tiba. Zahanati nyingi hazina chanjo hiyo, kwa hiyo pigeni simu kwanza hospitali ya wilaya kuuliza ipo wapi na bei yake, msije mkazunguka na mgonjwa. Hapa ndipo tungependa fedha yako itumike bila kusita.

Nyoka: mtu alale, kiungo kifungwe kwenye ubao kisitikisike, pete na bangili zivuliwe, aondoke akibebwa. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, msipoteze saa na jiwe jeusi linalosemekana kunyonya sumu. Sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba iliyokazwa huongeza kuoza. Swila akitema machoni, maji mengi dakika 15 mpaka 20.

Yapo mawili ya korosho ambayo hukuyakuta kwenye mafunzo yako ya siku tatu. Utomvu wa ganda la korosho huunguza ngozi. Wanawake wanaobangua wanajua kupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla, lakini watoto wanaosaidia hawakumbuki, kisha wanajifuta machoni. Futa kwa kitambaa kikavu, osha kwa sabuni mara tatu nne, malengelenge yasitumbuliwe. La pili ni salfa. Kuanzia Juni hivi, wakati wa kupuliza mikorosho dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, macho na vifua vinalalamika kijiji kizima. Macho ni kuoshwa maji safi dakika 15. Mwenye pumu na watoto wakae mbali na shamba linalopulizwa, nguo za mpulizaji zivuliwe nje. Mtu akinywa dawa ya shambani ya maji, msimtapishe. Beba chupa yenyewe mpaka hospitali, lebo yake ndiyo itakayomwongoza tabibu.

Mgonjwa akirudi na dawa kutoka zahanati, hapo wewe mwalimu unafaa kuliko mtu yeyote. Dawa mseto ya malaria ni dozi sita: ya kwanza pale anapopewa, ya pili zikishapita saa nane tangu ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Makosa ya kawaida ni kuruka ile ya pili kwa sababu imeangukia usiku wa manane, na kuacha siku ya pili homa ikiisha. Inywewe na chakula chenye mafuta, maziwa au uji wenye karanga, la sivyo haifyonzwi vizuri. Akiitapika ndani ya nusu saa, arudie, halafu aende zahanati kupata ya kujazia. Mchoree mama jua na mwezi kwenye karatasi kama hasomi, na mpite jioni kumuuliza. Kuuliza huko ni tiba tosha, dada, wala hakuhitaji leseni.

Fedha. Usikopeshe. Mkopo wa ugonjwa haulipiki, na jirani unayemdai ataanza kukukwepa kwa aibu, mpaka siku mtoto akiugua tena asije. Mkae na mume wako mpange kiasi cha mwezi ambacho kikiisha kimeisha, na mlipe moja kwa moja: dereva wa bodaboda, au duka la dawa muhimu kwa cheti kilichoandikwa na zahanati. Kumbuka pia kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano na mjamzito, kwa sera ya Serikali, hawalipi katika vituo vya umma. Wakidaiwa, ongozaneni kwa mtendaji wa kijiji kuuliza, kwa heshima. Kilicho bora zaidi ni kuzungumza na akina mama wa VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopeshana. Vikundi vingi vina mfuko wa jamii. Ombeni ujazwe mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, fedha ya korosho ikiwa mkononi, kwa sababu Februari na Machi, malaria ikiwa imepamba moto, hakuna mwenye kitu. Na mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji chenu ukae naye chini. Namba yake, ya muuguzi, ya madereva wawili wanaokubali kutoka usiku, na ya mjomba wa kila familia ya jirani, ziwe kwenye daftari moja. Mjomba tunamtaja kwa makusudi: kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera neno lake juu ya watoto wa dada yake bado ni zito, na simu moja kwake inaweza kumaliza mabishano ya saa nzima uani.

Picha, hapana. Mama mwenye mtoto anayehema kwenye kibaraza chako hayuko katika hali ya kukubali wala kukataa, atasema ndiyo kwa sababu anahitaji nauli. Wapelekeeni wachangiaji picha ya ndoo yenye bomba. Wala ugonjwa wa jirani usitajwe kanisani kwa jina, hata katika maombi. Majirani zenu wengi ni Waislamu. Ukiombwa dua, omba kwa moyo wote, usipoombwa, omba kimya. Mtu asije akahisi kwamba safari ya zahanati ina sharti.

Mumeo msikilize pia. Anaogopa kwa haki, na watoto wenu wanahitaji mama aliyelala. Mpeane zamu za usiku, na mchana ukiwa umechoka mwelekeze mgeni kwa mhudumu wa afya bila kujihukumu.

Kwa mama wa binti, nenda. Nenda mchana, bila zawadi, na mwenzako mmoja wa kike anayejua Kimakonde kama mama huyo anakitumia zaidi. Mwambie ulichotoa hakikuwa dawa ya ugonjwa ule, kwamba ulipaswa kumpeleka kupimwa siku ile, na kwamba umesikitika. Mpe nafasi aseme anachotaka, hata kama ni kizito. Kisha muombe cheti alichopewa hospitali mkisome pamoja: tarehe ya kurudi kupimwa damu ni lini, dawa za kuongeza damu zimebaki ngapi. Kiangalie kiganja cha mtoto. Na kabla hujaondoka, uliza kama analala ndani ya chandarua, na kama kimetoboka, kishoneni hapohapo.